Magoti ya Kamanda

Jilala ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo mtu asinifundishe namna ya kumsema. Alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi. Akipuliza filimbi, hata mgonjwa anatoka kitandani. Wezi wa ng'ombe aliwachapa mwenyewe mpaka wakajikojolea, na yeye jicho kavu. Hata tulipomzika mwanawe wa kwanza alisimama tu pale kama nguzo ya zizi. Nilijivunia, nisiseme uongo.

Ilikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, kila mmoja na mizani yake, watu wanakimbizana na magunia. Mchana mmoja nikaenda kwake kuazima gunia. Nikapiga hodi, kimya. Nikasukuma mlango.

Jilala alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono mgongoni, mbele ya mkewe. Domitila, wifi yangu huyuhuyu ambaye mbele za watu alimpigia mumewe magoti akimwamkia, amekaa kwenye kigoda, anamwamuru asiinue kichwa mpaka aambiwe. Na kamanda anatii. Tena analia, analia kwa kwikwi, kamasi mpaka kifuani, na yule mwanamke anamfuta kwa upindo wa khanga.

Nilimvuta Domitila nje, nikamtukana nilivyoweza. Alingoja nimalize, akanieleza taratibu. Jilala ndiye aliyeomba, tangu mwaka wa msiba wa mtoto. Akiamriwa, ndipo kifua kinafunguka. Kwingine kote lazima awe kamanda. Walikubaliana kila kitu, hata ishara: yeyote akipiga chini kwa kiganja mara mbili, mwenzake anaacha papo hapo, bila kuuliza.

"Wifi, usiseme," aliniambia. "Wakijua, hatakuwa na pa kulilia."

Nikamjibu sawa. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mayige, mkuu wa sungusungu, ambaye hata kamanda yuko chini yake. Mimi niache mdogo wangu ageuzwe mke ndani ya nyumba yake? Nilisema amelishwa dawa. Ushahidi sikuwa nao, wala hakuna aliyeniuliza.

Jumapili baada ya misa wakaitisha mkutano. Domitila akakalishwa chini, katikati ya watu. Mayige akamtaka Jilala aseme mwenyewe: amelishwa dawa, au ni hiari yake? Akisema hiari, filimbi anaivua. Akisema dawa, mke anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto, hachoti maji kisimani.

Domitila hakujitetea. Alimtazama mumewe, akapiga ardhi kwa kiganja, mara mbili. Watu wakadhani anaomba huruma, wengine wakacheka. Tuliojua ni sisi watatu tu.

"Amenilisha dawa," Jilala akasema. Akapuliza filimbi, hukumu ikapita.

Domitila alivumilia siku tisa. Nilipishana naye njiani akanisalimu, "Mwangaluka," nami nikageukia shamba la mtama kama vile nimeona ndege. Siku ya kumi akafunga mzigo, akaondoka kwa miguu kurudi kwao Sola, upande wa Maswa, maana hakuna aliyethubutu kumpakia kwenye baiskeli.

Mwaka uliofuata mama yetu akafariki. Jilala alichimba kaburi, akafukia, jicho kavu vilevile, na watu wakamsifu. Walipotawanyika akanifuata jikoni nikiosha masufuria. Akarudishia mlango, akapiga magoti, mikono mgongoni.

"Dada," akasema, "niambie nilie."

Nilimwelewa. Lilikuwa neno moja tu, na mama yetu alikuwa bado hajamaliza siku ardhini. Lakini dirisha lilikuwa wazi, wanawake wako uani wanachambua mchele, na mimi ndiye mimi.

"Simama," nikamwambia. "Watu wataona."

Akatii, akasimama.