Nusu ya Kura za Kilwa

Kisiwani Kilwa, kile cha ziwani, si cha pwani, sisi wauza samaki hatukutaja hesabu ya kweli ya samaki kwenye redio ya mawasiliano, maana wanunuzi wote wa Nchelenge, mji wa ng'ambo, walikuwa wakisikiliza. Tulitaja nusu, ili bei isianguke.

Uchaguzi ule wa miaka ya tisini, wasimamizi wakaleta redio mpya ya kutuma matokeo Nchelenge, wakamkabidhi mwenzetu mmoja aliyezoea kutusomea hesabu za samaki. Mimi, wakala wa chama, nilisimama nyuma yake. Nikamsikia akisoma nusu tu ya kura za kila mgombea. Nikamnyang'anya kipaza sauti.

"Njo vile tunasemaka mu redio, mama," akanijibu bila haya.

Nje, watu waliomsikia dirishani walishaanza kupiga kelele kwamba wameibiwa. Nikasoma upya hesabu kamili. Sauti ya mpokea matokeo wa Nchelenge ikauliza:

"Na hii, tuizidishe mara mbili kama ile ya kwanza?"