Nusu ya Valvu Iliyolala

Mume wangu ni fundi redio, na leo nitamsema. Mtaa mzima unamsifu, na mgema akisifiwa mnajua anachofanya. Amesikiliza redio mbovu za watu miaka thelathini, lakini mtu wa nyumbani kwake hamsikii.

Amplifaya ya gitaa aliiunda mwenyewe kwa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ndani ya boksi la bati alilolikunja kwa mikono yake. Alimwundia mwanetu wa kiume. Kijana akapiga gitaa miezi mitatu, akachoka, akahamia mji mwingine kuuza viatu. Amplifaya ikabaki juu ya kabati. Kila binti yetu alipoiomba, jibu lilikuwa lile lile: "Hiyo ni ya kaka yako."

Binti huyo tunamwita Risasi. Alipokuwa anatambaa, alikuwa akiokota vipande vya risasi ya kulehemu chini ya meza ya baba yake, nami nikivichokoa kinywani. Baadaye baba alimfundisha kaka ufundi, naye akawa anapiga miayo. Risasi alisimama pembeni, akashika yote. Sasa ana miaka ishirini na sita, anashona sare kiwandani, na jioni anapiga gitaa katika bendi ya wanawake wanne. Nyimbo zao ni za hasira, nami sishangai. Sauti safi haiwatoshi. Alitaka gitaa lingurume, likwaruze.

"Mama, valvu ya kwanza ina nusu mbili," aliniambia Jumamosi moja, baba yake akiwa ameenda kutafuta vipuri. "Baba ametumia moja tu. Nyingine imelala bure. Sauti ikitoka kwenye ile ikaingia kwenye hii, itazidiwa, itanguruma."

"Basi iamshe," nikamwambia. Ndiyo, ruhusa nilitoa mimi, na sijuti.

Alichomoa plagi. Umeme hubaki umejificha ndani ya kapasita hata hapo, kwa hiyo aliumwaga kwanza, mkono mmoja ameuweka mgongoni ili umeme usije ukampitia kifuani. Kisha akalehemu rezista nne, kapasita mbili na vipande vya waya. Saa mbili nzima hakuinua kichwa. Alipopiga uzi wa kwanza, vikombe vilitikisika, nami nikacheka kama mwehu.

Baba yake aliisikia tangu njiani. Aliingia bila hodi wala salamu, akaizima, akaipindua, akavaa miwani, akakagua kiungo kimoja kimoja.

"Nani amelehemu hapa?"

"Mimi, baba."

Aliiwasha tena, akapitisha vidole kwenye nyuzi, akatabasamu. Mimi mjinga wa watu nikadhani siku ya binti yangu imefika. Akatoa simu.

"Mwanangu," alimwambia kijana wake, "njoo uchukue amplifaya yako. Nimeiongezea nguvu, hutaamini."

Nimeiongezea! Yeye, aliyekuwa sokoni akibishania bei ya skrubu. Jasho la mtoto, sifa za baba. Niliweka chini birika nililoshika, maana sikujiamini nalo. Nilifungua kinywa, lakini Risasi akanitazama, akatikisa kichwa.

Akachomoa plagi. Akamwaga umeme, akapasha moto chuma cha kulehemu. Akatoa rezista zake moja baada ya nyingine, kisha kapasita, akazitia mfukoni. Waya wa baba yake akaurudisha pale pale alipoukuta. Hakuwa na haraka, wala baba hakumzuia. Alisimama tu, simu mkononi. Risasi alipofunga skrubu ya mwisho, akaiwasha na kugusa uzi mmoja. Ikatoka sauti safi, nyembamba, ya adabu.

"Sasa kaka yako akija nitamwambia nini?" mume wangu akauliza.

Risasi alikuwa ameshabeba gitaa lake begani.

"Mwambie umeipunguza."