Kisu chenye Meno cha Nasambu

Wepukhulu alipewa mjeledi wa Khisa siku ile ile Khisa alipofukuzwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule mto Sosiani ulijaa vibaya. Khisa alikuwa dereva wa gari la maksai katika shamba la Kaburu mmoja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia. Wepukhulu alikuwa akitembea mbele, ameshika kamba ya maksai wa kwanza. Walipofika kivukoni, maksai mmoja akateleza, nira ikapinduka, na kamba ya ngozi inayopita chini ya koo ikamkaba. Khisa alikuwa na kisu kizuri cha kukunja. Lakini maji ya Sosiani mwezi wa saba si maji ya mchezo. Vidole vilikufa ganzi, kucha zikateleza juu ya chuma. Wepukhulu alimwona akikivuta kwa meno kama mtu anayemenya muwa. Kabla kisu hakijafunguka, ng'ombe alikuwa ameshatulia.

Jioni Khisa alipita barabarani na mkewe, watoto, na kuku wanne ndani ya kikapu. Mahindi yake yalibaki shambani yametoa ndevu.

Bwana Kofia akamwita Wepukhulu.

"Jumatatu wewe napeleka gari stesheni," alisema kwa Kiswahili chake. "Ng'ombe nakufa, wewe nakwenda. Bibi nakwenda. Mahindi nabaki."

Wepukhulu alitazama mjeledi mkononi mwake. Mahindi yake nayo yalikuwa yametoa ndevu.

Jumamosi yeye na mkewe, Nasambu, walitembea hadi Sikisti Fo. Ndivyo watu walivyouita mji wa Eldoret siku zile. Walienda kutafuta kisu. Kile cha nyumbani kilikuwa kimelika hadi kikawa kama sindano ya kushonea magunia.

Katika duka la kwanza, ndani ya kabati la kioo, palikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe. Makali mawili, na kijichuma cha kufungulia chupa. Wepukhulu hakuwahi kufungua chupa maishani mwake. Hata hivyo alikiomba, akakifungua, kikalia ta, akakifunga, akakifungua tena.

"Hii ya bwana mkubwa," Mhindi mwenye duka alimwambia. "Wengine nauza shilingi nne. Wewe, tatu na nusu."

"Lete nikione, Baba Tryphosa," Nasambu akamwambia mumewe.

Nasambu alikuwa binti ya mhunzi. Utoto wake wote, kwao upande wa Kimilili, alikuwa akivuta mivukuto huku baba yake akipiga chuma. Alikishika kisu kwa ncha, akakitikisa kidogo.

"Kinatikisa kichwa kama mlevi," alisema. Kisha akamwonyesha mumewe pipa la maji ya mvua nje ya duka. "Tia mikono mle. Hadi nikwambie toa."

"Mbele ya watu?"

"Tia."

Akatia. Watu wawili wakasimama kutazama. Baridi ilimpanda hadi kwenye viwiko. Alipotoa mikono, Nasambu alimpa kisu. "Fungua."

Alijaribu mara ya kwanza. Mara ya pili kucha ikapinduka. Alipokipeleka mdomoni, mkono wa Nasambu ulimzuia.  Wote wawili walikuwa wanamwona Khisa.

"Mama, hii kisu ya kukata, si ya kuogelea," mwenye duka akasema.

"Huyu anaenda kuogelea nacho," Nasambu akajibu, akakirudisha juu ya kaunta.

Alionyeshwa kingine, kisichokunjwa, chenye mpini mwekundu unaong'aa. Alikipindua, akatazama nyuma ya mpini, akakitazama tena.

"Chuma kimeingia nusu tu. Kitavunjikia hapa."

"Huyu mama amekuja kununua ama kuhubiri?" mwenye duka akamwuliza Wepukhulu. Wepukhulu alikuwa anatazama mikono yake.

Nyuma ya uwanja wa mnada wa ng'ombe kulikuwa na mhunzi aliyetengeneza visu kwa springi za malori mabovu. Huko Nasambu alichuchumaa muda mrefu. Aligonga kisu kimoja kimoja kwenye jiwe, akisikiliza. Vitatu vilitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Cha nne kililia safi. Kilikuwa cheusi, alama za nyundo zimejaa mgongoni, urefu wa kiganja na nusu. Chuma kilipita hadi mwisho wa mpini, na misumari mitatu ilikishika. Bei yake haikufika hata nusu ya kile cha pembe.

"Hiki nitakivaa mbele ya watu?" Wepukhulu akauliza.

"Utakivaa mbele ya Sosiani."

Jumapili, baada ya kanisa, Nasambu alikinoa. Mlangoni pao palikuwa na mawe mawili, moja laini na moja la mchanga, lenye kukwaruza. Alitumia lile la mchanga peke yake. Wepukhulu alipopitisha kidole alihisi makali yanakwaruza, kama ulimi wa ng'ombe.

"Hujamaliza," alisema.

"Nimemaliza. Wembe ni wa nywele. Ngozi iliyoloa inataka meno."

Alikishonea ala ya ngozi, akamning'inizia kifuani, mpini ukiangalia chini, umebanwa sawasawa. Hapo tayari palikuwa na kile kidude cha bati chenye kipande chake, yaani cheti cha kazi cha serikali, ambacho kila mfanyakazi alilazimika kuvaa shingoni. Sasa vilikuwa viwili.

Jumatatu asubuhi gari lilipakiwa magunia ya mahindi. Maksai kumi na sita walikuwa wameshafungwa nira. Jackson, mpishi wa Bwana Kofia, alitoka jikoni na aproni yake.

"Wepukhulu, kipande kimoja hakikutoshi? Umeongeza cha pili?"

Watu wakacheka. Jackson akakichomoa kisu, akapitisha kidole.

"Ndugu yangu, hii ni jembe. Bibi yako amekinolea kwenye ukuta wa kanisa? Ngoja." Alitoa mfukoni jiwe dogo jeusi, lile alilonolea visu vya nyama vya Bwana. "Nikilambe kidogo. Hata ndevu utanyolea."

Neno la Nasambu lilikuwa masikioni mwa Wepukhulu. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na yeye ndiye dereva mpya. "Haya," alisema.

Jackson akaanza kwenye ncha, taratibu, akishuka. Makali yakaanza kung'aa. Alikuwa amefika katikati Bwana Kofia alipopiga kelele barazani kwamba gari litoke. Jackson akakirudisha alani na kukimbilia jikoni.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kule juu. Walipofika kivukoni maji yalikuwa ya rangi ya udongo na yalienda kwa haraka. Kipngetich, aliyeshika kamba mbele sasa, aligeuka.

"Dereva, tungoje?"

Wepukhulu alitazama mawingu. Ukingoja, mto utapanda zaidi.

"Ingia."

Jozi ya kwanza ikavuka. Ya pili. Ya tatu ilipofika katikati, Bulesi, maksai mwekundu mwenye doa jeupe usoni, akakosa jiwe. Akaanguka kwa magoti, nira ikapinduka, kamba ikamkaza kooni. Ilikuwa karibu mahali pale pale.

"Shika wa mbele wasivute," Wepukhulu alimwambia Kipngetich. Akaingia.

Maji yalimfika kifuani. Kwa mkono wa kushoto alishika pembe, akainua pua ya Bulesi juu ya maji. Jicho la ng'ombe lilikuwa jeupe. Kwa mkono wa kulia akavuta chini, na kisu kikatoka mara moja, bila kucha, bila meno. Akakata.

Kisu kikateleza.

Akakata tena kwa ncha, kwa nguvu. Kamba iliyoloa ilikuwa imevimba, laini kama kambare, na yale makali yanayong'aa yalipita juu yake kama mkono juu ya sabuni. Bulesi akatoa sauti ndogo. Mkono wa kushoto ulianza kufa ganzi.

"Kata, bwana," Kipngetich alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba.

Wembe ni wa nywele. Wepukhulu akasukuma kisu mbele hadi kiganja chake kikagusa ngozi, pale karibu na mpini ambapo jiwe la Jackson halikufika. Akavuta. Kikauma. Alihisi meno yakishika, moja baada ya jingine. Akavuta tena. Mara ya tatu kamba ikaachia kwa mshindo, kichwa cha Bulesi kikapanda, na mto ukamchukua.

Hawakumwona kwa muda. Kisha Kipngetich akaonyesha kwa kidevu. Chini kidogo, kwenye kona ya mto, maksai mwekundu alikuwa amesimama kwenye tope, akikohoa.

Waliporudi, Bwana Kofia alihesabu maksai wake mara mbili. Akaishika kamba iliyokatwa, akatazama shingo ya Bulesi iliyochubuka.

"Kamba moja?"

"Moja, Bwana."

"Kesho nashona ingine," alisema, akaingia ndani.

Nyumbani Nasambu alikuwa anasonga ugali. Wepukhulu alivua ala shingoni, akampa. Nasambu akapitisha kidole kwenye makali, kutoka mpini kuelekea ncha, akakikomesha katikati.

"Nani amekilamba?"

"Jackson. Mimi nilimkubalia."

Alimtazama kidogo. Akafunika ugali, akatoka na kisu, na Wepukhulu akasikia jiwe la mchanga likikwaruza hadi giza. Mahindi yao walivuna wenyewe mwaka ule.

Hadi leo, miaka mingi baadaye, jiwe lile lingali mlangoni. Limechimbika katikati, mahali Nasambu alipozoea kupitisha kisu. Yeye alizikwa masika yaliyopita. Siku hizi Wepukhulu anakinoa mwenyewe, na kisu kimekuwa chembamba kama jani la mahindi. Hupitisha kidole, akasikiliza, lakini kidole chake hakijui kama kilivyojua cha mkewe. Hukirudisha kwenye jiwe, akaanza tena.