Kamba ya Usumba Juu ya Barafu

Majuzi nilinunua zulia la mlangoni, lile gumu la usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Theluji ya viatu ilipoyeyuka juu yake ikatoka harufu ya usumba uliorowa, chumvi kidogo na uozo kidogo, nikajikuta nimesimama na koti mwilini nikicheka peke yangu. Bibi yangu mzaa mama, Bi Mize, alikuwa amenijia mzimamzima.

Alikuja kwetu Toronto nilipokuwa na miaka tisa. Mama na mimi tulikaa Crescent Town, kwenye jengo la ghorofa, juu kabisa, mahali ambapo upepo ulipiga filimbi madirishani. Kwao kusini mwa Unguja Bi Mize alikuwa mchokoa pweza, akiwatoa mashimoni bahari ikitoka, tena hodari. Kisha akateleza mwambani akavunjika mkono. Mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, akasema hawezi kuifanya kazi hiyo huku mzee wake mwenyewe yuko peke yake. Akamleta. Mkono ukaunga, ukabaki ubishi: mama alitaka akae moja kwa moja, naye akasema atatoa jawabu baridi ikiisha. Mimi nilimtaka akae kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Alinisuka, alinipikia mkate wa kumimina, alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yakaenda vizuri tu.

Kilichomkera ni kukosa shughuli. Alishinda kwenye kochi na blanketi magotini, na kila alipoletewa chai alisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu liko wapi?" Mama alijifanya hasikii.

Jirani yetu, Bwana Reji, alikuwa mtu wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Kila majira ya baridi alirudi kwao ziwani, kaskazini mwa mji, kuchoma samaki kwa mkuki kupitia tundu la barafu, kama walivyofanya wazee wake. Siku moja tulikutana naye kwenye lifti akiwa na mkuki wenyewe, chuma kizito chenye meno mengi kama uma wa jitu. Bibi aliushika bila kuomba ruhusa, akaupima uzito, kisha akakunja uso alipofika kwenye kamba. Ilikuwa ya nailoni, ya buluu, imechakaa. Akamtuma mama amwambie bwana huyu kwamba kamba ile inateleza, na iko siku mkuki wake utakwenda zake. Bwana Reji akakiri kwamba wa kwanza ulikwishakwenda. Kabla lifti haijafika juu, tulikuwa tumealikwa ziwani, na bibi amejitwika kazi ya kamba.

Kamba aliitoa kwenye sanduku lake. Lilikuja kutoka Unguja limefungwa kamba ya usumba aliyoisokota mwenyewe, jambo lililomtia mama haya pale uwanja wa ndege. Aliketi sakafuni jikoni, akaipitisha kwenye pete ya mkuki, akairudisha, akaikaza kwa meno. Kisha, kama wafanyavyo wanawake wote wa kwao ili fundo liume, akaizamisha kwenye ndoo ya maji hadi asubuhi ya safari.

Ndugu zangu, mnaoijua baridi ya ziwa lile mmeshajua kilichotokea. Tulipofika kwenye kibanda cha Bwana Reji juu ya barafu, kamba ilikuwa gogo, imeganda kwa umbo la ndoo. Mama aligeuza uso ili acheke. Bwana Reji aliitazama kwa heshima akasema hajapata kuona kamba inayosimama yenyewe. Bibi akataka bwana yule aambiwe kwamba maji ya kwao hayana tabia hii. Akaiingiza kamba ndani ya makoti yake mawili, akaketi kando ya jiko akiiatamia kama kuku, hakumtazama mtu.

Ilipolainika, mafundo yalikuwa yameuma kwelikweli. Ncha ya pili ikafungwa kwenye benchi, mlango ukafungwa, giza likaingia, na tundu likang'aa kijani kutoka chini. Bwana Reji alimchezesha majini samaki wa mti, wa kuwavutia samaki wa kweli. Bibi alipiga magoti, mkuki mkononi, nami nikabana pumzi, maana nilikuwa na hesabu zangu. Akimpata samaki, atakuwa amepata jembe lake, na akipata jembe atakaa.

Samaki akaja, mrefu kama mzia wa baharini. Bibi hakurusha. Aliteremsha meno ya mkuki polepole hadi yakazama, kisha akauachia. Kamba ikapita kiganjani mwake, ikasimama. Nilinyoosha mkono kumsaidia kuvuta, akanisukuma kwa kiwiko. Alimtoa peke yake. Samaki alipokuwa akirukaruka barafuni yeye hakumwangalia, aliugeuzageuza mkono wake uliovunjika.

"Mkono umeshika," alimwambia mama.

Mama aliupapasa mkono ule. Nami nilifurahi hata nikambusu samaki.

Garini, tukirudi, bibi akamwomba mama amtafutie tiketi ya kurudi kwao. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nililia hadi Crescent Town, na nilimkasirikia sana mama kwa sababu hakubisha hata neno moja.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Bi Mize hakuja Toronto kama mgeni. Alikuja akiamini amekwisha, na alikuwa akijizoeza taratibu kuletewa chai. Mama alijua hayo, maana kazini aliwaona wengi wa namna hiyo. Ndiyo maana alinyamaza, na ninampenda kwa kunyamaza kule.

Bibi yu hai hadi leo. Bamvua likifika, bahari ikitoka mbali na mwamba wa pweza ukabaki wazi, tukimpigia simu hapokei. Mama huiacha ilie hadi ikatike yenyewe, kisha huenda kazini akiimba.