Bonge Ni Mimi Kujumlisha Mbili

Wateja hawaji na namba, wanakuja na maneno. "Nibane, lakini nipumue," anasema mmoja, na fundi anaandika kwa chaki juu ya kitambaa: kiuno kujumlisha moja. "Lisinizeeshe," anasema mwingine. Hapo ni urefu kutoa tatu. Kushona kwenyewe ndiko huko, sindano inamalizia tu.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bonge, hakuwahi kupimwa. Tangu usichana wao fundi alijipima mwenyewe, akajumlisha mbili kila mahali, akakata. Halikukosea hata gauni moja.

Kwa hiyo binti wa Bonge alipopata mchumba, fundi alilikata gauni la mama wa bibi harusi vilevile, bila hata kufikiri. Miezi hiyo Bonge alikuwa sauti ya kwenye simu tu, eti maandalizi yamembana. Alipokuja kulijaribu, gauni lilining'inia kama limetundikwa msumarini.

Fundi alibaki na pini mdomoni.

"Usinitazame hivyo, dada. Ni tumbo. Hospitali wanajua."

"Wamesemaje?"

"Wamesema mengi. Wewe shona."

"Na binti?"

"Ataambiwa akishaolewa. Akijua sasa ataahirisha, na mimi sina siku za kuahirisha. Nataka wageni waseme Bonge ni yuleyule. Haya, andika hiyo kwa chaki yako, fundi mkubwa."

Fundi aliandika. Mimi kutoa nne, huo ndio mwili. Mimi kujumlisha mbili, hiyo ndiyo sura inayotakiwa. Katikati zikabaki inchi sita za kuziba kwa kitu kisicho nyama. Alishona bitana juu ya bitana, akajaza pamba nyongani na kifuani, kwa mkono, maana cherehani iligoma kupita unene ule.

Siku ya harusi shangazi mmoja alimpiga Bonge kofi la mgongoni. "Wewe mwanamke hushibi?" Bonge alicheka, jasho linamtiririka, akasimama mpaka picha ya mwisho.

Wiki iliyofuata alirudi ameshikwa mkono na binti yake. Macho ya binti yalikuwa yamevimba.

"Nishonee gauni la kulala. Jepesi. Yale mapamba yako nusura yanipike."

"Nijumlishe ngapi?"

"Usijumlishe kitu, dada. Nipime."

Fundi alimzungushia tepu, akaandika namba kama ilivyo. Bonge aliinama kuisoma.

"Kumbe ndiyo mimi hiyo," alisema, kisha akaomba kiti.