Ulezi wa Mama Kulwa

Juzi mjini Sumbawanga jumuiya yetu ilikwenda kubariki nyumba mpya ya jirani yangu, nikaombwa niongoze sala ya shukrani. Mimi bado ni mpangaji; maneno yakanikwama, nikamkumbuka mama.

Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, mvua ya mawe ililaza ulezi wetu wote kule kijijini Mwazye, lakini shamba la jirani yetu, Mama Kulwa, halikuguswa. Tangu hapo mama alikwenda kisimani kwa njia ya mzunguko isiyopita shamba lile, nami nilidhani anapenda kutembea.

Jumuiya ya kule ikaenda kwa Mama Kulwa kushukuru mavuno. Chumba kilinukia ulezi mpya na moshi wa kuni. Kwa desturi yetu, anayeongoza sala ya shukrani kwa niaba ya mwenye nyumba ni jirani wa karibu, yaani mama.

"Bwana, tunakushukuru," alianza, akanyamaza. Nje ng'ombe walikuwa wanarudi. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza, "Mama, sema kwa mavuno."

"Najua, mwanangu."

Akachota ulezi kwa viganja viwili, akauinua. "Kwa mavuno ya Mama Kulwa. Umwongezee." Sauti ilimtetemeka. Akarudia, "Umwongezee," na safari hii haikutetemeka.

Juzi hapakuwa na mtoto wa kuninong'oneza. Nilifumba macho, nikaanzia pale mama alipoishia.