Kanuni Arobaini na Moja za Verna

Verna Halvorsen alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha mitambo cha kaunti, kule Duluth, Marekani, na hakuna bosi aliyewahi kumwona akibisha. Kwao kumpinga mtu kikaoni ni ukosefu wa adabu. Unachukua kipande kingine cha keki, unasema "haya, tutaona," kisha unakwenda kuumia kimyakimya.

Kazi yake ilikuwa swichi, yale masanduku yanayoamua kila simu na kila ujumbe upite njia gani. Kuongeza kanuni moja ya njia kulitaka fomu, sahihi tatu na wiki tatu za kusubiri. Verna alikuwa na subira. Simu za watu hazikuwa nayo. Basi kanuni akaziandika mwenyewe ndani ya swichi, bila fomu, na kuzinakili kwenye daftari la mapishi. Zikafika arobaini na moja. Mojawapo ndiyo iliyopeleka simu za dharura kwa wapokeaji.

Akaja Bryce, mkuu mpya, kijana mwenye viatu vyeupe na imani kubwa, pamoja na programu ya kusimamia swichi zote.

"Tunawasha upya saa nne asubuhi," alisema kikaoni. "Swichi zitafuta kila kitu, halafu programu itazirudishia kanuni zote. Yenyewe inakumbuka."

Verna alijua kwamba programu haikumbuki kitu ambacho haikuwahi kuambiwa. Alijua kabisa. Akachukua keki ya limau.

"Dada Verna, una neno?"

"Haya, tutaona."

Saa nne na dakika moja wakaona. Programu ilirudisha kanuni ilizozijua, kwa madaha, ikawasha taa ya kijani.

"Kijani tupu," alisema Bryce. "Mnaona wenyewe."

Lorna, mpokeaji wa simu za dharura, alichungulia mlangoni. "Bosi, simu zetu hazilii."

"Labda leo watu wote ni wazima wa afya."

Verna alikuwa ameshafungua daftari. Akaandika kanuni ndani ya swichi. Programu haikuitambua, ikaifuta. Akarudia, ikaifuta tena. Akaipeleka kwa programu yenyewe, nayo kwa heshima zote ikadai sahihi tatu. Bryce alikuwa na moja. Wenye zile mbili nyingine walikuwa pamoja ziwani wakivua samaki, na ilibidi watafutwe.

Zilipita dakika kumi na moja kabla sahihi hazijatimia na simu kuanza kulia tena. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akipiga tangu saa nne na dakika mbili. Mkewe alikuwa ameanguka jikoni. Gari la wagonjwa lilimkuta bado anapumua, kwa shida.

Bryce alisifu kasi ya programu, kisha akamwachia Verna ripoti. Penye chanzo cha tatizo Verna aliandika: "Nilijua, nikanyamaza."

"Andika hitilafu ya mtambo, dada. Mbona unajitia kitanzi?"

"Mtambo haukuwa kikaoni, bosi," alisema Verna. "Mimi nilikuwepo."